Binti yangu anataka kuwa kocha wa lakrosi. Je, hiyo ni kazi?

"Mwalimu, salamu kutoka Maryland. Sisi ni Wakenya, tuko Marekani tangu binti yetu akiwa darasa la pili, na sote tuna vibali vya ukaaji wa kudumu. Binti ana miaka 22, na mwezi Mei anahitimu shahada ya sayansi ya afya. Amecheza lakrosi, ule mchezo wa kurusha na kudaka mpira kwa fimbo yenye wavu, tangu utotoni, na mchezo huo ulimlipia sehemu ya ada ya chuo. Mwaka wa pili alikatika kano ya goti, akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani. Sasa anatuambia hataki kwanza kazi ya hospitali. Amepewa nafasi ya kocha msaidizi katika chuo kimoja cha Pennsylvania huku akisoma shahada ya pili, kwa posho isiyotosha hata kodi ya nyumba. Anasema pia atajaribu ligi ya kulipwa. Baba yake anasema mchezo ulikuwa ngazi ya kuingilia chuo, na mtu akishapanda ngazi huiacha. Mimi niko katikati. Hii ni kazi kweli? Siku moja ataajiriwa kuwa kocha mkuu, msichana mweusi mwenye goti lililoshonwa, katika mchezo ambao makocha karibu wote niliowaona ni wazungu? Tumpe baraka au tumzuie?"

Dada yangu, umefanya vema kuuliza mapema. Wazazi wengi wanaonijia na jambo hili huwa tayari wameshagombana na mtoto, na mazungumzo yanakuwa magumu mara mbili.

Nianze na jibu. Ndiyo, ukocha wa lakrosi ya wanawake ni kazi, na wapo wanawake wanaolea familia kwayo. Ila mlango wake ni mwembamba, na miaka ya mwanzo ni ya kubana matumizi hasa. Kama binti yako atavuka miaka hiyo au atakwama, hilo litaamuliwa zaidi na kocha mkuu atakayemfanyia kazi huko Pennsylvania kuliko na hiyo posho mnayoijadili nyumbani. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye suala la huyo kocha.

Baba ana haki ya kulalamikia pesa. Watu wengi wakisikia "alisoma kwa mchezo" hudhani chuo kililipa kila kitu. Kwa miaka mingi timu ya lakrosi ya wanawake ya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, iliruhusiwa kutoa ufadhili sawa na ada kamili za wachezaji 12, na ufadhili huo uligawanywa kwa wasichana 30 au zaidi. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Kwa hiyo familia kama yenu ilitoa jasho lake pia, na baba anapotaka kuona matunda ya jasho hilo hasemi neno baya.

Anapokosea ni pale anapodhani mchezo unaisha siku ya kuhitimu. Tazama jinsi ajira zake zilivyozaliwa. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vililazimika kuwafungulia wasichana nafasi za michezo, na lakrosi ilifaa kwa sababu inabeba wachezaji wengi kwa mara moja. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilianza kuandaa ubingwa wa lakrosi ya wanawake mwaka 1982. Leo zaidi ya vyuo 500 vina timu ya wanawake katika divisheni zake tatu. Kila timu inahitaji kocha mkuu na angalau msaidizi mmoja, kwa kawaida zaidi. Ongeza shule za sekondari na klabu za mitaani kwenu Maryland, ambako watoto hushika fimbo kabla hawajajua kuandika vizuri. Tena lakrosi ni miongoni mwa michezo ambayo makocha wakuu wa timu za wanawake bado ni wanawake kwa sehemu kubwa. Kwenye michezo mingine, mishahara ilipopanda, wanaume walizichukua nafasi nyingi.

Sasa nimgeukie binti, maana naye ana dhana ya kurekebishwa. Ligi ya kulipwa isiwe msingi wa mpango wake. Ligi ya UWLX ilianza 2016 na haikudumu. WPLL ilianza 2018, ikavunjika 2020. Athletes Unlimited ikafuata kuanzia 2021, kwa misimu ya wiki chache tu. Mwaka 2025 ikaja Women's Lacrosse League yenye timu nne: Boston, New York, Maryland na California. Timu nne maana yake nafasi ni za kuhesabika, na zinagombaniwa na wasichana waliotoka timu za taifa na vyuo vinavyoongoza. Wachezaji hao wenyewe wana kazi nyingine, na wengi wao ni makocha. Charlotte North, aliyefunga mabao 102 katika msimu mmoja wa 2021 akiwa Boston College, ndiye kipimo cha watu anaotaka kushindana nao. Akitaka kujaribu, ajaribu kwa kuupenda mchezo, na pesa ya chakula itoke kwingine. Najua macho ya vijana yako Los Angeles 2028, ambako lakrosi inarudi Olimpiki kwa mtindo wa wachezaji sita kwa sita. Hiyo nayo ni timu moja kwa nchi nzima.

Jambo linalowaponza wachezaji wazuri wanapoingia ukocha ni hili: mikono yao inajua vitu ambavyo midomo yao haijawahi kuvisema. Mchukue mwanao mwenyewe. Anapokimbia na mpira, fimbo inacheza huku na huku mkononi, na mpira unakaa wavuni kwa nguvu ya mzunguko huo. Kwenye mchezo wa wanawake kimfuko cha wavu hakina kina kirefu, hivyo mwendo huo ukivurugika kidogo tu mpira unaanguka. Ameufanya mara nyingi mno hata haufikirii tena. Siku mtoto wa miaka 18 atakapomwendea na kumwambia, "Kocha, mpira unanidondoka kila nikigeukia kushoto," jibu la "fanya kama mimi" halitamsaidia. Atahitaji kuona kama tatizo ni kifundo cha mkono, ni kiwiko kilichobana ubavuni, au ni mguu uliochelewa kugeuka, kisha achague jambo moja la kumwambia. Kuona huko ni ufundi unaojitegemea, na hujifunzwa chini ya mtu anayeujua.

Juu ya hapo kuna sheria. Beki hawezi kusimama kati ya mpigaji na goli kama hajamkaba mpinzani aliye umbali wa fimbo moja, na ndani ya duara la mita nane hawezi kukaa zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu. Makosa haya hufanyika kimyakimya, mbali na mpira, na huzaa mpigo huru mbele ya goli. Halafu sheria zenyewe zinabadilika: saa ya sekunde 90 ya kumiliki mpira iliingia 2017, ruhusa ya wachezaji kuendelea kusogea baada ya filimbi ikaja 2018, na robo nne zikachukua nafasi ya vipindi viwili mwaka 2022. Kila badiliko lilibadilisha mazoezi, aina ya wachezaji wanaotafutwa, hata lishe yao. Mchezaji alisikia tu kwamba siku hizi tunakimbia zaidi. Makocha walilazimika kupanga upya kila kitu.

Ndiyo maana nawaomba wazazi waangalie njia walizopita waliofika. Cathy Reese alicheza Chuo Kikuu cha Maryland, jirani yenu kabisa, akatwaa ubingwa wa taifa mara nne mfululizo, 1995 hadi 1998. Kwa rekodi hiyo mtu angedhani atapewa timu yake kesho yake. Alibaki palepale kama msaidizi wa kocha wake, Cindy Timchal, kwa misimu mitano. Kisha akaenda Denver, Colorado, mbali na majimbo ya mashariki ambako mchezo huu una mizizi, akaongoza timu kuanzia msimu wa 2004. Timchal alipohamia chuo cha Jeshi la Wanamaji, Maryland ilimwita Reese arudi, na msimu wake wa kwanza ukawa 2007. Ubingwa wa kwanza kama kocha mkuu aliupata 2010, miaka 12 baada ya mechi yake ya mwisho kama mchezaji. Baadaye akaongeza 2014, 2015, 2017 na 2019. Katika kazi hiyohiyo ana watoto wanne. Hilo nalitaja kwa sababu najua ndugu nyumbani wataulizia ndoa na watoto kabla ya kuulizia mshahara.

Yuko pia Kelly Amonte Hiller, aliyefundishwa na Timchal huyohuyo na kutwaa ubingwa Maryland mwaka 1995 na 1996. Alipitia usaidizi kwenye vyuo vingine, halafu akiwa bado na miaka ishirini na kitu akapewa Northwestern, karibu na Chicago, chuo kilichokuwa kimeifuta timu yake tangu 1992.  Aliwachukua hata pacha wawili aliowakuta chuoni ambao hawakuwahi kucheza lakrosi, akawafundisha kuanzia kushika fimbo, na mwaka 2005 timu ikamaliza msimu bila kufungwa na kutwaa ubingwa. Hadi 2023 alikuwa amefikisha mataji nane. Na ukisikia Boston College imekuwa bingwa 2021 na 2024, kocha wake, Acacia Walker-Weinstein, naye alicheza Maryland enzi za Timchal.

Umeona uzi unaowaunganisha? Wote watatu walipita mikononi mwa mtu mmoja. Kocha mkuu mzuri hufanya zaidi ya kufundisha timu. Humwonyesha msaidizi anavyopanga wiki, anavyozungumza na msichana aliyewekwa benchi, anavyoijibu barua pepe ya mzazi aliyekasirika, anavyosaka wachezaji. Nafasi ya ukocha mkuu inapotangazwa, ni yeye anayepigiwa simu kuulizwa, "Huyu kijana vipi?" Kwa chuo kisicho na jina kubwa lakini chenye kocha wa aina hiyo, ningemwambia mwanangu aende. Na kwenye chuo chenye jina ambako msaidizi hubeba koni na kujaza chupa za maji kwa miaka miwili, ningemwambia akatae.

Usiogope pia chuo kidogo. Kate Livesay alicheza Middlebury, Vermont, chuo cha Divisheni ya Tatu. Akafundisha Trinity ya Connecticut na kuipa ubingwa wa divisheni hiyo mwaka 2012, kisha akarudi Middlebury kuongoza timu iliyogeuka tishio la miaka yote. Amejenga jina lake hukohuko.

Kuhusu rangi, dada yangu, sitakudanganya. Ulichokiona uwanjani ndicho kilichopo. Mchezo huu ni wa Mataifa ya Asili ya Marekani Kaskazini, watu wa Haudenosaunee wakiwa mstari wa mbele, lakini sura ya wanawake tunayoicheza leo ilianzia shule ya wasichana ya St Leonards huko Scotland mwaka 1890, ikaingia Marekani kupitia shule za binafsi za watu wenye nacho. Vifaa ni ghali, klabu za majira ya joto ni ghali zaidi, na makocha hutoka miongoni mwa waliocheza. Hapo ndipo pengo linapozaliwa. Ubaguzi wa wazi nao upo, na binti yako pengine ameshaonja bila kukusimulia.

Lakini nataka umjue Tina Sloan Green. Ni mwanamke mweusi aliyekulia Philadelphia, akajifunza lakrosi akiwa tayari chuoni West Chester, akafika hadi timu ya taifa ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1973 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Temple, hukohuko Philadelphia, na ndiye mwanamke wa kwanza mweusi kuwa kocha mkuu wa lakrosi ya vyuo Marekani. Temple ilikuwa bingwa wa taifa 1982 chini ya chama cha zamani cha michezo ya wanawake vyuoni, kisha bingwa wa NCAA 1984 na 1988. Alipokaribia kuacha ukocha, pamoja na wenzake wakaanzisha taasisi ya kuwainua wanawake weusi michezoni, Black Women in Sport Foundation. Alifanya yote hayo katika jimbo lilelile la Pennsylvania ambako mwanao anakwenda. Mwambie amsome. Tena amtafute kocha mweusi anayefanya kazi hii leo, awe mshauri wake nje ya chuo. Howard, chuo cha kihistoria cha watu weusi palepale Washington, ina timu ya Divisheni ya Kwanza. Kuwa na mtu wa kumpigia simu usiku baada ya siku mbaya ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Na asidhani Waafrika hawamo kabisa: Uganda ilipeleka timu ya wanaume kwenye mashindano ya dunia huko Denver mwaka 2014, ya kwanza kutoka Afrika.

Tuje kwenye goti. Kano ya mbele ya goti huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na usijisokote chini ya paja. Mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa: mguu umekita chini, mwili unageuka ghafla, goti linaingia ndani. Wanawake wanaocheza michezo ya kugeuka-geuka huumia hivyo zaidi ya wanaume, na aliyekatika mara moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kurudia, kwenye goti lilelile au la pili. Ukocha wenyewe hautamdhuru. Kurusha mipira kwa makipa na kuonyesha mazoezi kwa mwendo wa wastani ni salama kwa goti lililopona. Hatari iko kwenye tabia ya makocha vijana kujaza nafasi mazoezini pale mchezaji mmoja anapokosekana, wakakimbia kwa nguvu zote bila kupasha mwili moto. Goti likivimba baada ya mazoezi, likikwama, au likilegea kama linataka kumwangusha, asisubiri msimu uishe. Amwone daktari wa mifupa, na kabla ya kujaribu ligi yoyote apimwe upya na mtaalamu wa viungo anayepima nguvu za miguu yote miwili. Barua yangu haiwezi kuligusa goti lake.

Kwa upande wa ajira goti hilo halimpunguzii kitu. Msichana aliyekaa nje msimu mzima alilazimika kuutazama mchezo wote badala ya eneo lake tu, na atakuwa na la kumwambia mchezaji mwingine atakayepitia hayo.

Mnaweza kufanya nini basi? Akikubali nafasi ile, anapata shahada ya pili na ujuzi kwa gharama ya miaka miwili ya kuishi kwa kubana. Mpango wa namna hii ni mzuri tu kama chuo kinasamehe ada yote au karibu yote. Akilazimika kukopa fedha nyingi ili afundishe kwa posho, ningemzuia. Njia ya pili ni kuchukua kazi ya afya mchana na kufundisha sekondari jioni kwenu Maryland. Wengine huiita njia ya waliokata tamaa, mimi siioni hivyo. Taylor Cummings, mchezaji pekee aliyewahi kushinda tuzo ya Tewaaraton, ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo, mara tatu, 2014 hadi 2016, alikwenda kuwa kocha mkuu wa shule ya McDonogh karibu na Baltimore. Ila kutoka sekondari kuingia chuoni ni kugumu zaidi, kwa sababu vyuo vinataka mtu aliyekwisha kusaka wachezaji chini ya kanuni za NCAA. Kama ndoto yake ni chuo, ya Pennsylvania iko karibu zaidi na ndoto hiyo. Kusubiri mwaka mmoja ndiyo njia inayonitia wasiwasi, maana wanaomfahamu leo watakuwa wamewajua wahitimu wengine.

Kabla hajasaini, apige simu na aulize mambo kadhaa, na majibu aombe kwa maandishi. Msamaha wa ada unahusisha na michango mingine ya chuo, au ada ya masomo peke yake? Kuna mahali pa kulala? Ushuru nao uulizwe kwenye ofisi ya mishahara, kwa kuwa msamaha wa ada wa kazi isiyo ya kufundisha darasani wala utafiti unaweza kukatwa kodi ukizidi dola 5,250 kwa mwaka, na vijana wengi hushtuka Aprili, mwezi wa kuwasilisha hesabu za kodi. Bima ya afya anaweza kubaki kwenye yenu hadi atimize miaka 26. Kisha amuulize kocha mkuu: "Utanikabidhi nini mimi mwenyewe?" Ningependa kusikia jibu kama mabeki, au mpira wa kuanzia katikati, kwani kila bao hufuatwa na kuanza upya na timu inayoshinda hapo hukaa na mpira. Aulize kama atahusishwa kusaka wachezaji. Vyuo vya Divisheni ya Kwanza haviruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kabla ya Septemba mosi ya mwaka wake wa tatu wa sekondari, kwa hiyo majira ya joto hutumika kutazama mashindano kutoka asubuhi hadi jua kuzama. Yeye asahau likizo ya Julai. Mwisho aulize wasaidizi waliopita wako wapi sasa, na awapigie wawili wao. Wote wakiwa wameacha ukocha, hapo pana tatizo.

Wasomaji wengine ambao watoto wao wako kwa visa ya mwanafunzi, msifuate barua hii peke yake. Kazi kwenu lazima ilingane na masomo na kibali, na makosa yake hayafutiki kirahisi. Nendeni kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo na kwa wakili wa uhamiaji, ana kwa ana.

Kwa hiyo, dada yangu, ningempa baraka kwa masharti mawili: ada isamehewe, na kocha mkuu awe mtu wa kulea. Wekeni muda wa miaka miwili, mkae tena wote watatu mwishoni mwake, huku digrii yake ya afya ikiwa bado mkononi. Baba naye asibaki nje ya jambo hili. Msimu wa vyuo unaanza Februari na kumalizika Mei, na Pennsylvania si mbali na kwenu. Yeye na binti waombe ruhusa ya kuhudhuria mazoezi ya siku moja ya timu hiyo mchipuko huu, kabla binti hajasaini, waone jinsi huyo kocha mkuu anavyozungumza na msaidizi wake wa sasa mbele ya wachezaji. Kisha mumuulize binti ameona nini baba hakukiona.